Meza ya Tatu Chini ya Matao

Tegua kitendawili hiki, na ukishindwa usijali, jibu liko njiani: kutwa nzima anasema "nakupenda", "nisamehe", "sirudi tena", na hata neno moja si lake.

Asubuhi ya Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mijakaranda ya uwanja wa Santo Domingo ilikuwa imemwaga maua ya zambarau mpaka kwenye mabega ya wapita njia. Isauro Medrano alipenya katikati ya wachonga mihuri, wachapa kadi za harusi na watu wenye haraka zao, bahasha mkononi. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari katika kiwanda kimoja kule Vallejo, miaka thelathini na mitatu, mabega mapana, shati la bluu la kazini limepigwa pasi kama la bwana harusi. Nyumbani walimwambia kwamba chini ya matao, meza ya pili, yupo mzee Don Eleuterio anayeandika barua ambayo hata karani mwenye kiburi akiisoma anasimama.

Meza ya pili ilikuwa tupu. Don Eleuterio alikuwa kona ya mtaa anakula tamale lake, donge la unga wa mahindi lililotiwa ndani ya mkate, na akiwa anakula huwa si mwandishi wa mtu. Basi Isauro akavuta kiti kilicho mbele ya meza ya tatu, apumzishe miguu.

Hakujua desturi ya mahali pale. Chini ya matao yale kiti cha mbele ya meza si cha kupumzikia. Anayekikalia ni mteja. Haulizwi ni mtu wa nani wala ametoka upande gani, anaandikiwa.

"Kwa nani?" sauti ikamuuliza.

Akainua macho. Mbele yake alikuwa dada mwembamba mwenye gauni la manjano, sweta ya kijani mabegani, nywele amezifunga juu na kuzichoma penseli mbili. Jina lake Amparo Quiroz. Alikuwa amekwisha kuingiza karatasi mbili kwenye taipureta, na kaboni katikati.

"Namsubiri mzee," Isauro alisema.

"Mzee akila haji mpaka amalize na uji. Kwa nani?"

"Kwa wageni wa kaskazini. Lakini barua inatakiwa kwa Kiingereza."

"Basi hicho ndicho kiti chako. Kiingereza cha mzee ni cha kusalimia tu."

Amparo aliishi Chicago miaka tisa kwa shangazi yake, akisafisha ofisi mchana na kusoma jioni. Alirudi kumzika mama yake, na mama alimwachia vitu viwili: taipureta na meza ya tatu. Isauro akamweleza shida yake. Pale kiwandani wafanyakazi walitaka kuchagua viongozi wa chama chao kwa kura ya siri. Jopo la wageni lilikuwa linakuja baada ya wiki tatu kusikiliza malalamiko ya viwanda vya mji ule, na maelezo yote yalitakiwa yaandikwe kwa Kiingereza. Mpwa wake aliipitisha barua kwenye simu, simu ikaitafsiri, wakaituma.

"Wakatupigia," Isauro alisema. "Mama mmoja mpole sana. Anauliza kiwandani tuna farasi wangapi."

Amparo akaisoma ile barua ya simu. Alipofika mstari wa tatu alicheka mpaka penseli moja ikadondoka. Wafanyakazi walikuwa wamelalamika juu ya "charro" wao. Charro ni mpanda farasi wa sherehe, kofia pana kama sinia, vifungo vya fedha mpaka kwenye suruali, na simu ilitafsiri hivyo hivyo. Lakini mfanyakazi yeyote wa mji ule anajua kwamba charro wa chama hajawahi kupanda hata punda. Ni yule kiongozi anayekaa meza moja na mwajiri.

"Andika msaliti," Isauro akapendekeza.

"Msaliti anajificha. Charro ana ofisi na muhuri, na Krismasi anawagawia kuku."

"Andika mwizi."

"Mwizi anakimbia. Huyu amekaa miaka ishirini."

Walibishana hadi mzee Eleuterio akarudi, akaketi mezani kwake, akajifanya kusoma gazeti. Mwisho Amparo akapiga taipureta kwa mkupuo mmoja, kisha akamsomea: kiongozi tusiyemchagua, anayekula na mwajiri na kusaini kwa jina letu.

Isauro akahesabu kwa vidole. "Neno moja limezaa mstari mzima. Kwani huko kaskazini hawana watu wa namna hiyo?"

"Watu wanao. Kofia ndiyo hawana."

Alipoondoka, Isauro aligundua ua la jakaranda limeganda kwenye kola yake, na kwamba yule dada alikuwa ameliona muda wote akanyamaza. Hilo lilimfurahisha njia nzima mpaka Vallejo.

Siku ya pili akarudi na maelezo ya wenzake wawili. Siku ya tatu hakuwa na maelezo ya mtu; alikuja na mkate wa sukari na neno. Panzi, alisema, ni mwanasiasa anayeruka kutoka chama hadi chama kila uchaguzi. Amparo akaliandika kwenye daftari lake na kujaribu tafsiri tatu za Kiingereza, akazikata zote. Kesho yake likaja mfupa, yaani cheo anachorushiwa mtu kwa uaminifu wake, naye anakikalia huku ananguruma. Jumatatu likaja rubani, mtu mwenye jina kwenye orodha ya mishahara ambaye siku zote yuko angani, anatua siku ya malipo tu.

"Huyo kule Chicago wangemwitaje?" Isauro aliuliza.

"Wangemwita mjomba wa diwani."

Don Eleuterio alikohoa nyuma ya gazeti, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

Wakaanza kupigiana simu saa ya chakula. Amparo aliuliza kama leo kuna neno. Isauro akajibu lipo, ila ni la kusemwa macho kwa macho. Akawa anamwita kimbaumbau wangu. Amparo akamwambia akimwita hivyo tena atamtafsiri vibaya kwa makusudi na wageni watamletea nyasi za farasi wake. Jumapili walikwenda kula samaki sokoni, Amparo amevaa sketi nyekundu yenye pindo jeusi, Isauro amenyoa mpaka kidevu kinang'aa, na muuza maua akawaita bwana na bibi. Hakuna aliyemsahihisha.

Neno moja tu Isauro alilisema bila kutania. Friji. Ukimuudhi katibu wa chama, hakufukuzi, anakutia friji. Jina lako halipo kwenye orodha ya zamu. Unakwenda getini asubuhi, unasoma ubao, unarudi. Kesho hivyo hivyo. Wewe si mfanyakazi, wala hujafukuzwa ukalalamike popote. Isauro na wenzake wawili walikuwa ndani ya friji tangu mwezi wa kwanza, siku walipoomba kura ya siri.

"Ndiyo maana una nafasi ya kuniletea mikate," Amparo alisema polepole.

"Ndiyo maana. Jopo lisipotusikia, mwezi wa nne nakwenda Chicago kwa kaka yangu. Yeye amekwisha kuniandalia kitanda."

"Mimi nimetoka huko, Isauro. Sirudi."

"Najua, kimbaumbau. Kwa hiyo iandike vizuri hiyo barua."

Na aliiandika vizuri.

Zikabaki siku nne jopo likae. Alhamisi, saa nane mchana, saa ambayo Isauro hupita kila siku, gari jeusi lilisimama kando ya uwanja akashuka Don Baldomero Cárcamo, katibu wa chama. Suti ya rangi ya kahawa ya maziwa, pete ya kidole kidogo, manukato yaliyotangulia kufika. Alikuwa na wakili wake, na wakili alikuwa na mkalimani wake, kwa hiyo hakuwa na haja ya meza ile. Lakini Don Baldomero alikuwa ameambiwa nani ni mchumba wa nani, na alitaka aonekane pale, saa ile, kwenye kiti kile. Akakaa kwenye meza ya tatu, akakunja nne.

Don Eleuterio alikohoa, na safari hii hakikuwa cha kicheko. Amparo alikisikia. Alijua pia kwamba mama yake, miaka arobaini mezani pale, aliwaandikia waliooana na waliotoroka, siku moja hata mume na mkewe mmoja baada ya mwingine, na neno lililosemwa meza ya tatu halikuvuka mpaka meza ya pili, wala halikufuata mtu nyumbani.

Akaingiza karatasi na kaboni.

"Kwa nani?"

"Kwa jopo, binti. Nimesikia una Kiingereza cha dhahabu. Kwanza niambie, yule kijana wangu wa viti alikuandikisha nini?"

"Hilo siwezi kukuambia, Don Baldomero. Unataka niandike maneno yako, au maana?"

"Maana. Wageni waelewe bila kukuna kichwa."

"Na Kihispania chako, maswali yangu na majibu yako, kitakwenda pamoja na barua kwenye nakala yake. Utasaini zote mbili, kila ukurasa."

"Nasaini hata kumi," alisema akicheka.

Isauro alitokea upande wa chemchemi, akasimama. Alimwona Amparo ameinama juu ya taipureta, anauliza, anaandika, anauliza tena. Alimwona Don Baldomero akieleza kwa mikono miwili, ametanuka kitini kama mtu anayesimulia ujana wake. Mwisho akamwona akitia saini kwa madaha, akainuka, akaubusu mkono wa Amparo, na kupita karibu na Isauro akimpungia kofia.

Isauro alikuja akakaa kwenye kiti kile, bado kina joto.

"Umemwandikia."

"Alikaa kwenye kiti."

"Amesema nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Mimi, Amparo?"

"Wewe hasa. Yeye ameniuliza uliyoandika wewe. Nimemjibu kama ninavyokujibu."

"Yule ameniweka miezi miwili nje ya geti. Unamwandikia kwa Kiingereza kile kile ulichoniandikia mimi, halafu unanishikia sheria za meza?"

"Hizo hizo zilizokulinda wewe."

Isauro alisimama. Alitafuta jambo la kuuma, akalipata karibu mno.

"Basi na wewe una kofia pana, Amparo. Ulikuwa umeivua tu."

Amparo akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. "Niachie kiti," alisema. "Kuna mteja nyuma yako."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Jioni Amparo alipiga simu mara moja. Isauro aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Asubuhi Isauro akapiga, naye Amparo akaigeuza simu kifudifudi, akaendelea kumwandikia bibi mmoja barua kwa mwanawe askari. Ijumaa haikuja na neno. Jumamosi Isauro alinunua begi la safari.

Jumatatu jopo lilikaa kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na bustani kuu, madirisha yote wazi, watu wote na vipokea sauti masikioni. Isauro na wenzake wawili walikaa mstari wa mbele wamevaa mashati ya kazi. Ng'ambo ya njia, Don Baldomero na wakili wake. Mwenyekiti alikuwa mama wa mvi, mpole, na Isauro alipoisikia sauti yake akamtambua: ndiye aliyeuliza habari za farasi.

Mama yule alisema kwamba barua ya mafundi wa viti imeeleweka vizuri sana sasa, na ukumbi ukacheka. Kisha akainua barua ya pili. Akasema anamshukuru Don Baldomero kwa ukweli wake, maana ni nadra kiongozi kueleza mambo wazi namna ile. Sauti ya mkalimani ikaja masikioni, tulivu:

"Umeandika kwamba watu watatu uliwaondoa kwenye orodha ya zamu bila kuwafukuza, kwa sababu waliomba kura ya siri, ili wengine waone na wakome. Ni sahihi?"

Don Baldomero akasema hapana, yeye alisema tu kwamba aliwatia friji. Ni msemo, kila mtu anausema. Wakili akaomba nakala ya Kihispania. Akaipata, akaanza kuisoma kwa sauti kubwa, na katikati ya ukurasa sauti ikapungua. Pale palikuwa pameandikwa swali la mwandishi, friji maana yake nini kwa mtu asiye wa hapa, na chini yake jibu la Don Baldomero mwenyewe, mistari sita ya kujisifu, na majina matatu kamili. Jina la pili lilikuwa Isauro Medrano. Pembeni ya kila ukurasa, saini yenye madaha.

"Maana hii ilitolewa na nani?" mwenyekiti akauliza.

Wakili aliivua miwani. "Na yeye mwenyewe, mama."

Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa mtu mmoja wa mstari wa mbele. Isauro alikuwa ameshika magoti yake anatazama sakafu. Amparo alikuwa na maneno yote yale mdomoni siku ya Alhamisi. Neno moja tu lingemfanya yeye, Isauro, apige magoti pale pale mbele ya chemchemi. Hakulisema. Na kama angelisema, jioni ile ile Isauro angelitangaza getini kwa sauti, maana alijijua, na kesho yake asubuhi Don Baldomero angekuja kuichukua barua yake akaichane.

Kabla ya wiki kwisha jopo likatoa uamuzi wake, na kiwanda hakikutaka aibu zaidi. Ubao wa zamu ukapata majina matatu mapya, na kura ikapangiwa siku wiki iliyofuata, yenye sanduku na pazia.

Jumamosi Isauro alifika chini ya matao akiwa na shati jeupe na viatu vilivyopigwa rangi. Amparo alikuwa na gauni lile la manjano. Kiti cha mbele yake kilikuwa kitupu. Alipomwona anakaribia, akauchukua mkoba wake akauweka juu ya kiti.

"Kina mtu," alisema.

Isauro akautazama mkoba, akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda kukaa meza ya pili.

Don Eleuterio alikuwa amekwisha kula siku hiyo. Akaingiza karatasi na kaboni, akapuliza vumbi. "Kwa nani, kijana?"

"Kwa dada wa meza ya tatu."

"Anwani?"

"Hatua nne, Don. Kulia."

Isauro akainama akaanza kumnong'oneza sikioni, na mzee akaanza kupiga taratibu, kidole kimoja kila mkono. Kila herufi ilisikika meza ya tatu. Amparo alijaribu kumwandikia mteja wa kufikirika, akakosea, akaitoa karatasi, akaiweka nyingine. Mwishowe akashindwa.

"Don Eleuterio, anasema nini huyo?"

"Binti, umekulia chini ya matao haya."

"Mstari wa kwanza tu."

"Mama yako hakuwahi kuniuliza hivyo, na mimi nilikuwa nawaandikia wanaume wengi waliompenda."

Akaendelea kupiga. Mara moja alisimama, akamtazama Isauro, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kama ana hakika na mstari ule. Isauro akaitikia kwa kichwa. Mzee akaupiga, akaitoa karatasi, akaikunja mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akaandika anwani, akainuka kwa kushika kiuno, akatembea hatua nne, akaikabidhi. Kisha akarudi mezani kwake akafungua gazeti, akalishika juu chini.

Amparo akaifungua.

Mpendwa Amparo, iliandikwa. Nilikuita jina ambalo mimi na wewe tulilitafutia maana asubuhi nzima. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua ninachosema. Nilijua, na nilisema. Ulinyamaza ukanilinda, nami nilidhani kunyamaza ni kuniacha. Jina langu limerudi kwenye ubao na begi nimempa mpwa wangu. Siendi popote. Nataka kukuoa. Mstari huu usiutafutie maana, ni maneno matupu kama yalivyo. Anayekusubiri meza ya pili, Isauro.

Aliisoma mara mbili. Kinanda cha mtaani kilikuwa kinalia upande wa kanisa, wimbo mmoja kati ya zile zinazokosa noti kila mara mahali pale pale. Isauro hakugeuka. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Amparo akanyoosha mkono, akauondoa mkoba kwenye kiti.

Isauro alivuka zile hatua nne akakaa, kwa uangalifu, kama mtu anayejua sasa kile kiti ni cha nini. Amparo akaingiza karatasi mbili na kaboni katikati. Hakuuliza kwa nani. Wala hakumsubiri amtajie la kuandika.

Yule wa kitendawili ni mwandishi wa barua, bila shaka umekwisha kumjua. Kutwa anasema ya wengine. Lakini Jumamosi ile wa meza ya tatu alipiga neno moja fupi, akavuta karatasi, akaitenganisha kaboni. Ya juu akampa Isauro, naye akaikunja akaitia mfuko wa shati, upande wa kushoto. Nakala akabaki nayo mwenyewe.

Neno lilikuwa "ndiyo", na hilo lilikuwa lake.